Baba wa Betheli: Maisha ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh (1831–1910)

Katika historia ya Kanisa la Kilutheri nchini Tanzania yako majina ya watu ambao hawakukanyaga kamwe ardhi ya Afrika, lakini kazi zao zilifika na kuota mizizi. Mmoja wao ni Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wa Betheli, Ujerumani. Jina lake hutajwa zaidi huko Tanga na Usambara, ambako watumishi aliowatuma walihubiri na kuuguza. Hata hivyo, kwa Wakristo wa Ifakara, Michenga na bonde zima la Kilombero, maisha yake yana jambo la pekee la kufundisha. Watu ambao aliwatumikia miaka 38 walikuwa hasa watoto na vijana wenye kifafa, pamoja na wazazi waliowalea bila msaada. Kifafa si habari ya mbali kwa watu wanaoishi chini ya milima ya Mahenge.

Kuzaliwa na Malezi

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi, 1831, huko Tecklenburg katika jimbo la Westfalia. Baba yake, Bwana Ernst von Bodelschwingh, alikuwa kiongozi mkubwa katika serikali ya mfalme wa Prussia, akawahi kuwa Waziri wa Fedha na baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani. Kwa sababu hiyo kijana Friedrich alikaa Berlin kwa miaka kadhaa, na miongoni mwa watoto aliocheza nao alikuwamo mwana wa jamaa ya kifalme ambaye baadaye alikuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Pamoja na ukubwa huo wa ukoo, nyumba ya wazazi wake ilikuwa nyumba ya sala, na watoto walifundishwa kwamba cheo ni dhamana.

Alipomaliza shule hakuchagua uchungaji. Alijifunza kilimo, akawa msimamizi wa shamba kubwa huko Pomerania. Huko aliwaona kwa macho yake vibarua maskini na watoto wao, akaanza kuwagawia vijitabu vya dini. Kijitabu kimoja kilichosimulia habari za mtoto maskini wa Kichina kilimgusa mwenyewe kuliko wale aliowagawia. Mwaka 1854 aliacha kilimo akaenda Basel kusoma theolojia kwa nia ya kuwa mmisionari, kisha akaendelea na masomo Erlangen na Berlin.

Mchungaji wa Wafagiaji wa Paris

Mwaka 1858 aliitwa kwenda Paris, Ufaransa, kuwahudumia Wajerumani waliohamia huko kutafuta riziki. Wengi wao walikuwa wafagiaji wa barabara na waokota takataka, waliokaa katika vibanda vya pembeni mwa mji, na watoto wao hawakuwa na shule. Mchungaji huyo kijana alianza na watoto. Alikodi chumba akafungua darasa, na kwa kupitia watoto akawafikia wazazi. Baadaye kanisa lilijengwa juu ya kilima, pamoja na shule. Mwaka 1861 alimwoa binamu yake, Ida von Bodelschwingh, aliyekuwa mwenzake katika kazi hadi alipofariki mwaka 1894.

Paris ilimfundisha njia ambayo hakuiacha tena. Alitambua kwamba mtoto hawezi kusaidiwa peke yake kana kwamba hana watu. Anayetaka mtoto asome sharti ajue mama yake anaamka saa ngapi, baba yake anapata ujira gani, na nyumbani wanakula nini.

Msiba wa Dellwig

Mwaka 1864 familia ilirudi Ujerumani, naye Friedrich akawa mchungaji wa usharika wa Dellwig, kijiji cha wakulima karibu na Unna. Wakati huo walikuwa na watoto wanne. Mnamo Januari 1869 maradhi ya kuambukiza yaliingia nyumbani mwa mchungaji, na katika muda wa wiki mbili watoto wote wanne walikufa. Nyumba iliyojaa sauti ikawa kimya. Baba aliyezoea kuwazika watoto wa wengine na kuwafariji wazazi wao aliwazika wa kwake, mmoja baada ya mwingine.

Mchungaji Bodelschwingh hakuuficha msiba huo wala hakuupamba. Aliandika kijitabu kuhusu maisha na kufa kwa watoto wake, nacho kilisomwa na wazazi wengi waliofiwa. Baadaye alieleza kwamba ni katika siku zile alipotambua jinsi mkono wa Mungu unavyoweza kuwa mzito juu ya mwanadamu, na ya kuwa huruma yake kwa watu wengine ilizaliwa hapo. Mungu aliwapa tena watoto wanne, Wilhelm, Gustav, Frieda na Friedrich, ambao wote walikuja kutumika Betheli. Lakini tangu mwaka ule, mzazi aliyefika mlangoni pake akiwa na mtoto mgonjwa hakukutana na mhubiri tu. Alikutana na mzazi mwenzake.

Betheli

Mwaka 1867 Wakristo wa Rhineland na Westfalia walikuwa wamenunua shamba karibu na mji wa Bielefeld, na katika nyumba ya shamba hilo wakawapokea wavulana wachache wenye kifafa. Mwaka 1869 ikaanzishwa karibu nayo nyumba ya madiakonisa. Mwezi Januari 1872 Mchungaji Bodelschwingh, akiwa na umri wa miaka 40, aliitwa kuiongoza kazi hiyo. Mahali hapo pakaitwa Betheli, yaani nyumba ya Mungu, na nyumba ya madiakonisa ikaitwa Sarepta, kwa ukumbusho wa mji wa yule mama mjane aliyemlilia mwanawe mbele ya nabii Eliya.

Ili kuelewa uzito wa kazi hiyo, yafaa kukumbuka hali ya mtu mwenye kifafa katika Ulaya ya siku zile. Dawa iliyokuwapo ilikuwa bromidi, iliyoanza kutumika mwaka 1857. Iliwapunguzia wengine degedege lakini iliwalegeza na kuwatia usingizi. Mtoto aliyeanguka darasani aliondolewa shuleni, kwa kuwa walimu waliogopa na wazazi wa watoto wengine walilalamika. Kijana aliyeanguka kazini alifukuzwa. Wapo waliodhani kwamba ugonjwa huo huambukiza, na wapo waliouhesabu kuwa ni kazi ya pepo. Wazazi wengi waliwaficha watoto wao ndani, si kwa kuwa hawakuwapenda, bali kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kuwaweka walipokwenda kazini.

Mchungaji Bodelschwingh hakuwaahidi wazazi hao kwamba watoto wao wangepona. Aliwaahidi mambo mengine, na aliyatimiza. La kwanza lilikuwa makao yenye sura ya familia. Badala ya jengo moja kubwa lenye kumbi ndefu za vitanda, Betheli ilijengwa kwa nyumba nyingi, na katika nyumba hizo walikaa baba na mama wa nyumba, wakila meza moja na wagonjwa. La pili lilikuwa shule. Mtoto mwenye kifafa alisoma kwa kadiri ya uwezo wake, na akianguka hakufukuzwa. Alitunzwa hadi alipoamka, kisha somo likaendelea. La tatu lilikuwa kazi. Palikuwa na mashamba, bustani, useremala, ushonaji na kazi nyingine nyingi, na kila mmoja alitafutiwa shughuli aliyoiweza, hata kama ilikuwa kupanga karatasi. Aliamini kwamba mtu asiyetakiwa na yeyote kufanya lolote amenyang'anywa sehemu ya utu wake.

Mwaka 1877 ilianzishwa nyumba ya mashemasi iliyoitwa Nazareti, kwa kuwa kazi ya kuwatunza vijana na wanaume ilihitaji mikono mingi iliyofunzwa. Mwaka 1884 liliwekwa wakfu Kanisa la Sayuni, na humo wagonjwa waliabudu pamoja na watumishi. Aliyepatwa na degedege katikati ya ibada hakuonekana kuwa ameharibu ibada.

Jinsi Msaada Ulivyopatikana

Wengi hudhani kwamba kazi kubwa namna hiyo ilitegemea matajiri na jamaa za wafalme. Ni kweli kwamba Mchungaji Bodelschwingh hakuona haya kubisha hodi kwa wakubwa. Hata hivyo nguvu ya Betheli ilikuwa katika sadaka ndogo za watu wengi, ambao walichanga senti zao katika vikundi kwenye sharika zao. Tangu mwaka 1888 watu waliombwa wapeleke Betheli hata stempu zilizokwisha kutumika. Wagonjwa walizibandua, wakazichambua na kuzipanga, kisha zikauzwa. Ndipo ikaanza pia kazi ya kukusanya nguo na vyombo vikuukuu, iliyopewa jina kutokana na vile vipande vilivyosalia Bwana Yesu alipowalisha watu elfu tano. Nguo zilitengenezwa upya, zikauzwa kwa bei nafuu au kugawiwa maskini.

Katika mpango huo palikuwa na hekima. Mtu maskini kijijini, asiye na fedha ya kutoa, alikuwa na stempu ya barua moja au koti lililochakaa. Naye mgonjwa, aliyehesabiwa kuwa mzigo, ndiye aliyekigeuza kitu hicho kuwa mali. Hivyo mtoaji na mpokeaji walishika kazi moja kwa mikono yao.

Mchungaji Bodelschwingh alishughulika pia na watu wengine walioachwa kando. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, makao ya kazi kwa watu waliozurura barabarani bila ajira, na mwaka 1885 akaanzisha chama cha kuwajengea wafanyakazi nyumba. Mwaka 1903, akiwa mzee wa miaka 72, alichaguliwa kuwa mbunge wa Prussia ili awatetee maskini hao katika sheria, na mwaka 1905 akafungua shule ya theolojia palepale Betheli, ili wachungaji wa kesho wajifunze Maandiko wakiwa karibu na wagonjwa.

Usambara na Lutindi

Mwaka 1886 ilianzishwa huko Berlin jamii ya misioni kwa ajili ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka yake ya mwanzo misioni hiyo ilichanganyika mno na tamaa za watawala wa kikoloni, nayo ilikosa watumishi na mwelekeo. Kuanzia mwaka 1890 Mchungaji Bodelschwingh alijiunga na uongozi wake, akatoa mashemasi na madiakonisa wa Betheli waende kutumika. Mwaka 1891 wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walianza kazi Mlalo, miongoni mwa Washambaa. Mwaka 1906 makao makuu ya misioni yalihamishiwa Betheli, na mwaka uliofuata kazi ikaenea hadi Rwanda.

Katika milima ya Usambara, huko Lutindi, yalifunguliwa mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, ambao hadi wakati huo walifungwa kamba au kutupwa gerezani. Njia ya Betheli ilifuatwa huko pia: watumishi na wagonjwa walikaa pamoja, wakalima pamoja na kusali pamoja. Lutindi ni hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika ya Mashariki, na imeendelea na kazi hiyo chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Katika eneo hilohilo la Usambara, Kanisa lilifungua Irente shule ya watoto wasioona mwaka 1963, na baadaye shule ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji.

Kufariki Kwake na Yaliyofuata

Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alifariki Betheli tarehe 2 Aprili, 1910, akiwa na umri wa miaka 79. Nyumba moja ya shamba aliyoikuta ilikuwa imekuwa mji mzima wenye maelfu ya wakazi. Uongozi ulipokewa na mwanawe mdogo, Mchungaji Friedrich, aliyejulikana kwa jina la Fritz.

Mwana huyo alipitia jaribu ambalo baba yake hakuliona. Serikali ya Hitler ilifundisha kwamba watu wenye ulemavu ni hasara kwa taifa. Mwanzoni Betheli yenyewe ilikubali kushiriki katika sheria ya kuwafunga uzazi watu waliodhaniwa kuwa na maradhi ya kurithi, na doa hilo limebaki katika historia yake. Mwaka 1940 zilipoletwa fomu za kuorodhesha wagonjwa, ambazo kwa siri zilikuwa orodha za kuwaua, Mchungaji Fritz alikataa zisijazwe, akaenda kuwasihi wakubwa wa serikali. Watu wapatao 70,000 waliuawa katika mpango huo nchini Ujerumani kati ya mwaka 1940 na 1941. Wakazi wengi wa Betheli walinusurika, lakini wagonjwa Wayahudi walichukuliwa na kuuawa. Habari hizo zinaonyesha kwamba swali ambalo mzee Bodelschwingh alilijibu kwa maisha yake, yaani kama mtoto asiyepona ana thamani kamili mbele ya Mungu na watu, si swali dogo. Jamii inapolijibu vibaya, wanyonge hufa.

Mafundisho kwa Bonde la Kilombero

Upande wa pili wa mto Kilombero, katika milima ya Mahenge, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa wengi, hasa vijana, wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Iliaminika kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa dawa ya bei nafuu ya fenobabitoni, iliyotolewa kila siku bila kukatizwa, wengi walipata nafuu kubwa. Utafiti uliofanyika wilayani Ulanga na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta wastani wa watu 10 wenye kifafa katika kila watu 1,000, na katika vijiji vingine zaidi ya 30. Tafiti za baadaye zimeuhusisha wingi huo na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa moshi, wala kwa kula sahani moja. Mtoto akianguka, alazwe ubavu, aondolewe karibu na moto au maji, asitiwe kitu chochote kinywani, naye asiachwe peke yake hadi atakapozinduka. Mwalimu akilijua hilo, na wanafunzi wakafundishwa, hakuna sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa haki ya kusoma pamoja na wenzake.

Lakini sheria haimbebi mtoto mgongoni. Familia za bonde hili zinajua maana ya msimu wa mpunga, wakati nyumba nzima inapohamia shambani. Mama mwenye mtoto wa kifafa, au asiyeona, au asiyeweza kutembea, hulazimika kuchagua: ampeleke shambani karibu na maji na mioto, amwache kijijini na bibi mzee, au abaki naye na kukosa mavuno ya mwaka. Ada ya shule ilifutwa mwaka 2016, lakini nauli ya kwenda kuchukua dawa, kiti cha magurudumu na mtu wa kumsindikiza mtoto darasani hubaki juu ya mzazi. Dawa ikikosekana wiki mbili, degedege hurudi, na mtoto hupoteza kiti chake shuleni.

Hapo ndipo mfano wa Betheli unapofaa, ingawa si lazima ufuatwe katika kila jambo. Siku hizi inafahamika kwamba mtoto hukua vizuri zaidi nyumbani kwao na katika shule ya kijiji chake, kuliko kuhamishiwa makao ya mbali, isipokuwa pale panapohitajika shule maalumu kama zile za Irente. Kwa hiyo nyumba za Betheli zinaweza kujengwa bila tofali. Jumuiya inayopanga zamu ya kukaa na mtoto wakati wa kupanda na kuvuna imejenga nyumba moja. Wazazi wanaokutana mara moja kwa mwezi, na kumtuma mmoja wao kuwachukulia dawa wote, wamejenga nyingine. Mzee wa kanisa anayefuatana na mama hadi kwa mwalimu mkuu, ili asiseme peke yake, amefanya kazi ya shemasi wa Nazareti. Na kikapu cha sadaka ya diakonia, hata kikiwa na debe moja la mpunga, hakipungukiwi na zile stempu kuukuu za Bielefeld.

Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alizika watoto wanne, na baada yao akawa baba wa maelfu. Kumbukumbu yake na iwe baraka, na kila mzazi wa bonde hili anayeamka usiku kumshika mwanawe anayetetemeka apate mlango wa kubisha.